Zimwi Likujualo: Mtazamaji wa Kawaida mbele ya Filamu za Kutisha, za Kisayansi na za Mapigano

Utangulizi

Filamu inapokwisha na taa kuwashwa, watu huulizana swali moja: ilikuwaje? Majibu nayo huwa mafupi. "Ilinishtua kweli." "Mwanzo mzuri, lakini mwishoni wameiharibu." "Zimwi lenyewe halitishi hata kidogo." Majibu ya aina hii hayapewi nafasi katika kurasa za uhakiki. Mhakiki aliyeisomea kazi yake huyachukulia kuwa hisia tupu za mtu asiye na nadharia. Katika makala haya tunanuia kuonyesha kwamba sivyo. Tutadai kwamba ndani ya kauli hizo fupi mna vigezo vya uhakiki, ijapokuwa havijapewa majina. Kwamba vigezo hivyo vimewahi kuwa sahihi pale ambapo vya wataalamu vilipotoka. Na kwamba, pamoja na sifa hizo, vina upungufu mmoja ambao hatuna budi kuutaja kwa sababu unatugusa sisi Waafrika.

Ni vyema tuseme mapema kwamba mwandishi wa makala haya si mtaalamu wa filamu. Yeye ni mtu wa fasihi ambaye hutazama filamu Jumamosi jioni, akishamaliza kusahihisha insha, na ambaye huzichagua kwa sifa alizozisikia kwa jirani. Kwa hivyo, tunaposema "mtazamaji wa kawaida" hatumzungumzii mtu wa mbali anayechunguzwa. Tunamaanisha yule ambaye hajui majina ya waelekezi, hafuatilii historia ya studio, wala hana haja ya kuonekana mjuzi, lakini anajua kwa yakini ni lini amefurahishwa na ni lini amedanganywa.

Tutaongozwa na methali. Wahenga walisema kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Aghalabu methali hii hutajwa kana kwamba inahusu zimwi tunalolijua sisi. Lakini maneno yake hayasemi hivyo. Anayejua ni zimwi. Usalama wa mtu hautokani na maarifa yake mwenyewe, bali unatokana na kule kujulikana kwake na anayemla. Tutaona kwamba tofauti hii ndogo ina uzito katika mjadala wetu.

Mapatano ya Tanzu Tatu

Tangu Aristotle aandike juu ya tanzia, inajulikana kwamba hadhira huifuata hofu kwa hiari yake. Hata hivyo, tanzu ambazo huiandama hofu hiyo waziwazi zimebaki katika ngazi ya chini ya heshima. Mwaka 1991 mhakiki wa Kimarekani Linda Williams alieleza kwamba kuna tanzu za filamu ambazo hudharauliwa hasa kwa sababu huugusa mwili wa mtazamaji: zinamliza, zinamtetemesha, zinampandisha mori. Mhakiki huhisi kwamba machozi na mtetemeko si ushahidi wa sanaa. Mtazamaji wa kawaida huanzia papo hapo. Kwake yeye, filamu ya kutisha isiyotisha haiwezi kuokolewa na maudhui yake, hata yakiwa mazito namna gani.

Tukichunguza kauli zake, tunabaini kwamba anazipima tanzu hizi tatu kwa mapatano matatu mbalimbali. Filamu ya kutisha imemwahidi hofu. Filamu ya kisayansi imemwahidi ajabu yenye sheria. Filamu ya mapigano imemwahidi kasi yenye gharama. Kila moja huhukumiwa kwa ahadi yake.

Tuanze na hofu. Katika Jaws, aliyoielekeza Steven Spielberg mwaka 1975, papa bandia aliyetengenezwa kwa ajili ya filamu aliharibika mara kwa mara katika maji ya chumvi. Mwelekezi akalazimika kumwonyesha kwa nadra: tunaona maji, tunaona miguu ya waogeleaji, tunasikia muziki, papa mwenyewe hatumwoni ila filamu ikiwa imekwenda mbali. Kasoro ya mtambo ikawa fanaka ya fani. Ridley Scott alifanya vivyo hivyo kwa makusudi katika Alien ya mwaka 1979, ambamo kiumbe aliyebuniwa na msanii wa Uswisi, H. R. Giger, huonekana kwa dakika chache tu. Mtazamaji wa kawaida hatatuambia kwamba taharuki hujengwa kwa kuficha. Atasema, "Ulikuwa hujui liko wapi." Kauli hizo mbili ni moja.

Noël Carroll, katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya falsafa ya utisho, alidai kwamba zimwi hututia hofu na kinyaa kwa pamoja kwa kuwa linavunja mipaka ya aina: ni hai na ni mfu, ni mtu na ni mnyama. Msomaji wa ngano zetu halioni dai hili kuwa geni. Zimwi la ngano huja katika umbo la kijana mtanashati, likaposa, likakubaliwa, na bibi harusi hutambua baadaye kwamba mume ana kinywa cha pili kisogoni. Kinachotisha hapo ni umbo lililokuwa la mtu kugeuka kuwa la mlaji.

Ahadi ya filamu ya kisayansi ni tofauti. Darko Suvin alieleza mwaka 1979 kwamba bunilizi ya kisayansi hutufanyia dunia kuwa ngeni, lakini kwa ugeni unaoweza kufuatwa na akili. Mtazamaji anakubali jambo moja lisilowezekana. Hakubali mawili yanayopingana. Katika The Terminator, filamu ya James Cameron ya mwaka 1984, roboti mwuaji anatumwa kutoka mwaka 2029 hadi Los Angeles ya mwaka 1984. Sheria inawekwa mapema: kinachoweza kupita katika njia hiyo ya wakati ni mwili hai au kitu kilichofunikwa kwa nyama hai. Ndiyo maana Kyle Reese anawasili uchi na bila silaha, na ndiyo maana roboti amevikwa ngozi ya binadamu. Mbinu nzima ya filamu, yaani askari mmoja dhaifu dhidi ya chuma kisichochoka, inatokana na sheria hiyo. Mwaka 1991 Cameron alitoa sehemu ya pili, na humo roboti mpya ni wa madini yanayotiririka kama maji, hana nyama yoyote. Mtazamaji wa kawaida ndiye huuliza: "Sasa huyu alipitaje?" Swali hilo si uchokozi. Ni uhakiki wa ploti, tena ni uhakiki wa kina, kwa kuwa unaitaka kazi ya sanaa iheshimu neno lake yenyewe. Kwamba mtazamaji huyo huyo huisamehe filamu ni jambo linalohitaji maelezo, na maelezo yako katika ahadi ya tatu: kasi ya filamu hiyo inamlipa zaidi ya alichonyang'anywa.

Katika filamu ya mapigano, vijana wetu wana kanuni yao: "stelingi hafi." Mhakiki akiisikia kanuni hii hucheka na kusema kwamba, ikiwa shujaa hafi, taharuki haipo. Lakini kanuni hiyo inatueleza ni wapi taharuki ilipo. Hakuna anayeuliza kama shujaa atapona. Tunauliza atapona kwa gharama gani. Tulinganishe Commando ya mwaka 1985 na Die Hard ya mwaka 1988. Katika ile ya kwanza Arnold Schwarzenegger anaua makumi ya watu na kutoka na majeraha machache. Tunafurahia wingi wake kama tunavyofurahia majigambo. Katika ile ya pili John McClane, anayeigizwa na Bruce Willis, anajikuta bila viatu katika jengo refu lililotekwa na wezi, na analazimika kukanyaga vigae vya kioo. Baadaye tunamwona akivichomoa nyayoni mmoja mmoja. Tangu hapo kila hatua anayoipiga inatuuma. Mtazamaji husema, "Huyu angalau ni mtu." Kwa maneno hayo ameshatofautisha shujaa wa kivisasili na shujaa wa kihalisia.

Predator: Filamu Moja, Mapatano Matatu

Ili kuonyesha jinsi vigezo hivi vinavyofanya kazi kwa pamoja, tuitazame filamu moja ambayo wengi wameiona na wachache wameiandikia kwa dhati. Predator, iliyoelekezwa na John McTiernan mwaka 1987, huanza kama filamu ya mapigano. Kikosi cha askari wa Kimarekani, kikiongozwa na Dutch, kinaingia katika msitu wa Amerika ya Kati. Kinashambulia kambi ya waasi na kuiteketeza. Silaha ni nyingi, misuli ni mingi, mizaha ni mingi. Mtazamaji anadhani ameshajua ni filamu gani ameletewa.

Kisha wanaanza kufa mmoja baada ya mwingine, na anayewaua haonekani. Baada ya kifo cha mmojawapo, askari wanapanga mstari na kuufyatulia msitu kila risasi waliyo nayo. Miti inaanguka, majani yanaruka, mitutu inaishiwa. Wanapokwenda kukagua hawakuti maiti yoyote. Kinachopatikana baadaye ni damu chache ya kijani juu ya majani. Tukio hilo ni mpaka wa filamu. Kila kilichoahidiwa na utanzu wa mapigano kimetumika, na hakikufaa. Tumekwisha kuingia katika filamu ya kutisha bila kutangaziwa.

Lakini damu ile ina kazi nyingine. Kutokana nayo Dutch anapata hoja: kinachovuja damu kinaweza kuuawa. Huu ni mlango wa utanzu wa tatu, kwani sasa zimwi linaanza kuwa na sheria. Baadaye Dutch anaanguka mtoni, anatambaa na kutoka akiwa amepakaa tope mwili mzima, na kiumbe anampita bila kumwona. Kumbe huona kwa joto, na tope baridi limelificha joto la mtu. Hofu imegeuka maarifa. Katika sehemu ya mwisho Dutch anaziacha bunduki, anatengeneza upinde, anachonga miti, anatega mitego ya magogo. Jitu la misuli linaponea kwa hila, kama Sungura.

Mtazamaji wa kawaida huyafupisha haya yote kwa kusema, "Pale bunduki zilipokwisha ndipo ilipokuwa tamu." Mtu aliyetamka hivyo ametambua muundo wa kazi nzima: kwamba filamu inavunja ahadi moja ili itimize nyingine, na inafanya hivyo kwa mpango. Kumwambia kuwa hana nadharia ni kukosa kumsikiliza.

Pale Wataalamu Walipokosea

Huenda ikadaiwa kwamba tunampa mtazamaji sifa kwa ukarimu mno. Tutoe basi ushahidi wa kihistoria. Mnamo tarehe 25 Juni 1982 filamu mbili zilianza kuonyeshwa Marekani siku moja: Blade Runner ya Ridley Scott, na The Thing ya John Carpenter. Zote mbili hazikupata mapokezi mazuri. The Thing hasa ilishambuliwa vikali na wahakiki wengi wa magazeti, walioiona kuwa ni maonyesho ya kinyaa yasiyo na wahusika wala utu. Leo filamu hiyo huhesabiwa miongoni mwa kazi bora kabisa za utanzu wake. Nani aliibadilisha hukumu? Kwa kiasi kikubwa ni watu waliokodi kanda za video, wakaitazama nyumbani usiku, na kuwaambia wenzao kwamba inatisha.

Walichokiona wao, ambacho wahakiki hawakukiona, ni kwamba kinyaa cha filamu hiyo kinatumikia dhamira. Watu wamefungiwa katika kituo cha utafiti huko Antaktika pamoja na kiumbe anayeweza kuiga umbo la yeyote kati yao. Hofu kuu si ya kuliwa. Ni ya kutojua ni nani aliyekwisha kuliwa. Katika tukio mashuhuri, MacReady anawafunga wenzake, anachovya waya wa moto katika damu ya kila mmoja, na wote wanangoja kuona damu ya nani itaruka. Hapana hotuba yoyote juu ya shaka na uaminifu. Shaka imewekwa ndani ya kisahani. Wahakiki waliilaumu filamu kwa kukosa wahusika wenye undani, ilhali swali lake lote lilikuwa kama undani wa mtu unaweza kuonekana kwa nje.

Fundisho tunalolipata ni hili. Mtaalamu alikuwa amekuja na matarajio ya utanzu mwingine. Mtazamaji wa kawaida alikuja kutishwa, akatishwa, kisha akajiuliza kwa nini. Huo ndio mpangilio sahihi wa uhakiki wowote: athari kwanza, maelezo baadaye.

Msimulizi wa Kibandani

Pingamizi nzito zaidi inatoka upande wetu wenyewe. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind ya mwaka 1986, alitufundisha kwamba lugha hubeba utamaduni, na kwamba anayeitawala picha ya dunia aliyo nayo mtoto anamtawala mtoto mwenyewe. Je, filamu hizi si sehemu ya utawala huo? Ni bidhaa za viwanda vya Marekani, na shujaa wao aghalabu ni askari wa taifa hilo akiwa katika nchi ya watu wengine. Je, kumsifu mtazamaji wetu anayezifurahia si kusifu kutekwa kwake?

Tungekubali bila kusita kama mtazamaji wetu angekuwa chombo kitupu kinachomiminiwa. Lakini aliyewahi kuketi katika kibanda cha video, iwe mjini au sokoni mashambani, anajua kwamba filamu haifiki pale ilivyotoka kwao. Kati yake na hadhira husimama msimulizi. Nchini Kenya anayejulikana zaidi ni DJ Afro, ambaye sauti yake imezisimulia filamu nyingi za mapigano kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. Nchini Uganda wasimulizi wa namna hii huitwa VJ, na mchango wao ni mkubwa hivi kwamba filamu ya Isaac Nabwana, Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa katika mtaa wa Wakaliga jijini Kampala na kutolewa mwaka 2010, husambazwa ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake. Msimulizi huyo anacheka, anashangilia, anaisifu na kuisuta filamu anayoisimulia.

Msimulizi wa kibandani hatafsiri neno kwa neno. Anawapa wahusika majina ya utani, anawatilia maneno vinywani, anaonya kabla ya hatari, anakejeli uongo wa ploti, anawaita watazamaji waitikie. Kwa istilahi za taaluma yetu, huyu ni fanani. Anafanya yale ambayo fanani wa ngano hufanya anapoichukua hadithi iliyotoka ng'ambo ya mto na kuiweka kijijini. Hadhira nayo hujibu, hubisha, humkosoa. Ukumbi wa sinema wa kimagharibi unamtaka mtazamaji anyamaze gizani. Kibanda kinamrudisha katika duara la hadithi. Basi, anayetazama katika hali hiyo hajatekwa kikamilifu. Zimwi limevishwa lugha yake, na kwa kiasi fulani limefanywa limjue.

Kwa kiasi fulani, tumesema. Msimulizi anaweza kubadili jina la mhusika, lakini hawezi kubadili nani anayebaki hai.

Anayeliwa Akakwisha

Hapa ndipo tunapofikia upungufu tuliouahidi. Mtazamaji wa kawaida wa Kiafrika ana kauli nyingine anayoirudia kwa kicheko: "Mweusi hufa kwanza." Kauli hii inasikika kama ushindi wa uhakiki wa umma, lakini tukiipima kwa filamu tulizozitaja inayumba. Katika Alien wa kwanza kufa ni Kane, ambaye ni Mzungu. Katika Predator wawili wa kwanza wa kikosi kuuawa, Hawkins na Blain, ni Wazungu. Katika The Thing, Childs, mhusika mweusi anayeigizwa na Keith David, ni mmoja wa wawili wanaobaki mwishoni, wameketi katika baridi kila mmoja akimshuku mwenzake.

Mzaha huo umetuhesabisha upande usiofaa. Tungehesabu wanaobaki, si wanaotangulia. Katika Alien anabaki Ripley, pamoja na paka. Parker, aliyeigizwa na Yaphet Kotto, ndiye aliyeuliza tangu mwanzo kuhusu malipo ya wafanyakazi. Anakufa akijaribu kumwokoa mwenzake. Katika Predator wanabaki Dutch na Anna. Mac na Dillon, wote wawili weusi, wanakufa wakimwinda kiumbe. Katika Terminator ya pili mhandisi Miles Dyson anakufa akiuangamiza utafiti wake mwenyewe ili dunia ya wengine ipone. Vifo hivi si vya aibu. Vingi ni vya ushujaa. Tatizo ni hilo hasa. Ushujaa wa mhusika mweusi unakuwa daraja la kuvukia mwingine. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Na ambaye zimwi halimjui huliwa akakwisha, ijapokuwa kwa heshima.

Filamu moja iliuweka ukweli huu wazi mapema kuliko zote. Katika Night of the Living Dead, aliyoielekeza George Romero mwaka 1968 kwa fedha kidogo sana, shujaa ni Ben, aliyeigizwa na Duane Jones, mwigizaji mweusi. Romero alieleza kwamba alimchagua kwa kuwa ndiye aliyefanya vizuri zaidi katika majaribio. Ben anapambana usiku kucha na wafu walao watu. Asubuhi anatoka chini alikojificha, anachungulia dirishani, na kundi la raia wenye bunduki waliokuja kusafisha eneo wanampiga risasi wakidhani ni mmoja wa wafu. Kisha zinafuata picha tulivu kama za gazeti: maiti inaburutwa kwa kulabu na kutupwa juu ya rundo la kuchomwa. Mwaka huo huo, mwezi Aprili, Martin Luther King alikuwa ameuawa. Filamu haitamki neno lolote juu ya rangi, na haikuhitaji kulitamka. Hapa stelingi amekufa, na mtazamaji hukasirika. Hasira hiyo ni sahihi. Amevunjiwa mapatano ili aonyeshwe kwamba mapatano hayo hayakuwahi kumhusu kila mtu.

Kuna jambo jingine ambalo mtazamaji halijui kwa sababu halionekani. Ndani ya vazi la kiumbe wa Alien alikuwamo Bolaji Badejo, Mnigeria aliyezaliwa Lagos, mwanafunzi wa sanaa jijini London ambaye kimo chake kilipita mita 2. Alikutwa katika baa na mmoja wa waliokuwa wakitafuta waigizaji. Hakuigiza filamu nyingine. Alifariki mwaka 1992. Ndani ya vazi la kiumbe wa Predator alikuwamo Kevin Peter Hall, Mmarekani mweusi, mrefu kuliko hata Badejo. Mwishoni mwa filamu Hall anapewa nafasi fupi ya kuonyesha sura yake: ni rubani wa helikopta inayokuja kumchukua Dutch. Aliyekuwa akimwinda shujaa amekuja kumwokoa, na hakuna mtazamaji anayemtambua.

Hatutaki kulikuza jambo hili kupita kiasi. Wote wawili walichaguliwa kwa vimo vyao, na kazi yao ilikuwa ya ustadi wa hali ya juu. Mwendo wa mazimwi yale mawili, ambao umeigwa tangu hapo na wengi, ni mwendo wa miili yao. Lakini linganisha na usiku wa ngano. Nyanya anapoikoroga sauti yake na kunguruma kama zimwi, kila mtoto mekoni anajua kwamba ni nyanya. Hofu ni ya kweli, na usalama ni wa kweli, kwa kuwa zimwi lina sauti ya mtu anayewajua na kuwapenda. Katika filamu tulizozijadili sauti hiyo imefichwa. Mwafrika alitoa mwili wake ukawa zimwi la dunia nzima, na Mwafrika mwenzake alilitazama kibandani akapiga kelele, bila kujua kwamba anamkimbia ndugu.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mtazamaji wa kawaida ana vigezo thabiti: hofu iandaliwe, ajabu iwe na sheria, kasi iwe na gharama. Tumeonyesha kwamba vigezo hivyo viliweza kuitambua The Thing wakati wataalamu walipoitupa. Tumeonyesha pia kwamba furaha yake huweza kumpitishia mbele ya macho mambo ambayo angepaswa kuyakasirikia, na kwamba mzaha wake kuhusu nani anayekufa kwanza unamzuia kuuliza nani anayeachwa hai.

Pendekezo letu kwa walimu wa fasihi ni dogo. Mwanafunzi anaposema darasani kwamba kitabu "hakikunishika" au kwamba mwisho "umeharibiwa", tusimkimbizie istilahi. Tumwulize ni ahadi gani iliyovunjwa, na ilitolewa ukurasa wa ngapi. Atakapolijibu swali hilo atakuwa ameanza uhakiki. Kisha tumwulize la pili, ambalo peke yake huenda asilifikie: katika hadithi hii, zimwi linamjua nani? Maswali hayo mawili hayapaswi kutenganishwa. Mwenye la kwanza pekee atafurahi na kusahau. Mwenye la pili pekee atakuwa sahihi daima, lakini hataalikwa kuketi motoni hadithi inapoanza.